Tiketi Isiyogawanyika

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu nilisafiri kwa treni kutoka Kalemie kuelekea Kindu, na safari ambayo wengine waliimaliza kwa siku chache mimi niliifanya kwa karibu miezi miwili. Nilishuka kila mahali paliponipendeza. Kwenye stesheni moja nilimfuata mwanamke aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga, maana wale niliowala dirishani walikuwa watamu na nilitaka wengine. Nikakaa kwake siku tisa nikimsaidia mume wake kufyatua matofali. Treni iliyofuata ilipofika nilimwonyesha mkuu wa stesheni tiketi yangu, karatasi iliyokwisha kulainika kama kitambaa. Akaandika kitu pembeni kwa kalamu, akasema, "Panda, muzururaji." Hakuniuliza nilikuwa wapi. Tiketi ilikuwa tiketi mpaka ufike.

Labda kumbukumbu yangu inaipamba treni ile. Lakini ndivyo nilivyojifunza kusafiri, na sikujifunza namna nyingine. Nimekaa Shabunda nikiwauzia sabuni wachimbaji wa dhahabu. Nimeishi Sange msimu mzima wa mpunga kwa sababu tu gari liliharibikia pale na nikapapenda. Nimerudi hapa Bukavu, nyumbani kwetu Cimpunda, mara nyingi mno, na kila mara nimerudi kwa njia ya kuzunguka. Sasa nimevuka miaka arobaini, na naona safari zimewekewa kufuli. Unapewa namba, saa, na mahali pa kushukia. Ukitaka kunyoosha miguu kabla ya hapo, unaulizwa una kibali cha nani.

La meli ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mtaani kwetu tuna shirika, jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa nyumba zilizobanana, ambao husali pamoja na kuzikana. Mama mzazi wa fundi cherehani wetu alifariki Goma, kwa binti yake, na shirika likaamua kutuma watu kumi na wawili mazikoni. Kampuni ya meli tuliyoiendea ilikuwa na nauli ya nusu kwa makundi ya msiba. Sharti lake ni karatasi moja kwa kundi zima, yenye majina yote na sahihi ya mtu mmoja, responsable, ambaye ndiye anayelijibia kundi. Wakanichagua mimi. Nilimaliza sekondari, na Kifaransa cha kwenye fomu hakinitishi.

Nilikubali upesi, na ukweli ni kwamba sikukubali kwa ajili ya marehemu. Meli ile husimama kisiwani Idjwi kwa muda wa saa moja na nusu kupakia mananasi na ndizi, na robo saa kwa miguu kutoka bandari hiyo anaishi mama yangu mkubwa, dada wa mama, aliyeolewa kisiwani na kubaki huko mjane. Mama alipokufa nilikuwa mtoto wa miaka minne. Yeye ndiye aliyenichukua, akanilea mpaka nilipovuka kuja kusoma Bukavu. Nilikuwa sijamwona kwa miaka tisa. Siku mbili kabla ya safari, jirani yake alinipigia simu.

"Macho imeisha kabisa," aliniambia. "Na chakula anakataa. Bato ikipiga honi tu, anauliza kama uko ndani. Kila bato! Sasa miye nimechoka kumujibu hapana."

Nilimwambia amwambie nakuja na meli ya Alhamisi.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini sikuenda siku nyingine yoyote katika miaka hiyo tisa. Kisiwa hakiko mwezini. Mashua za mbao huvuka kila siku ya soko. Mtu anayependa kushuka njiani huwa anangoja njia ipite pale. Nilingoja safari ambayo ingenipitisha mlangoni kwake, na kumbe safari zangu zote zilielekea upande mwingine. Sasa ilikuwa imekuja moja, kwa nusu ya bei, na ya kurudi haikuwa na faida kwangu, maana kundi lilikuwa lirudi kwa meli ya usiku isiyosimama kisiwani.

Basi nikaweka kwenye mfuko sukari, sabuni na blanketi jipya. Nikavaa shati jeupe na utepe mweusi kifuani kama wanaume wengine. Wanawake walivaa kitenge kimoja cha shirika na vitambaa vyeusi kichwani. Tulibeba pia taji kubwa la maua ya plastiki, la mduara, lenye utepe wa zambarau, tulilolinunua kwa mchango. Mzee mmoja, muuguzi mstaafu anayetembea na gongo, alilishika mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Tulipofika kisiwani, saa nne kasorobo asubuhi, nilikuwa wa kwanza kwenye ubao wa kushukia. Mwisho wa gati palikuwa na barieri, bomba lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na nyuma yake mwanamke kijana mwenye gile ya njano, kizibao cha kazi, na daftari.

"Unaenda wapi, papa?"

"Hapa tu juu, kusalimia maman mukubwa. Ni mugonjwa. Dakika makumi tatu."

"Tike?"

Nikampa karatasi. Aliisoma mbele, kisha akaigeuza nyuma. Mimi nyuma sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimejaza majina kumi na mawili kwa mwandiko mzuri, nikasaini, nikafurahi.

"Hii ni ya grupe," alisema. "Haiachanake. Mulipanda douze, mutafika douze."

"Bale onze bako ndani. Miye nitarudia mbele ya honi."

"Papa, soma."

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba kundi huingia pamoja na kutoka pamoja, na kwamba abiria yeyote wa tiketi ya kundi akivuka barieri ya bandari ya katikati peke yake, tiketi hiyo imekwisha kwa wote walioandikwa. Nilisoma mara mbili nikitafuta mlango. Nikamwambia afute jina langu basi, nibaki kisiwani, wengine waendelee. Akanionyesha sahihi yangu kwa kidole.

"Ni weye responsable. Nikikufuta, bale wengine watajibiwa na nani kule Goma? Batashushwa hapa hapa."

"Kwa hiyo maman mugonjwa haiko sababu?"

"Sikusema vile."

"Nilitembea na treni, nilishuka stesheni kumi, hakuna mutu aliniuliza!"

"Treni haizamake, papa," alisema, bila kupandisha sauti. "Hapa bato ikizama, hii daftari njo inabakia. Familia itakuya kuniuliza: alikuwa ndani ao hakukuwa? Nitajibu nini, kwamba alienda kusalimia?"

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikutaka kukiri ana haki. Nilisema maneno kuhusu watu wanaopewa gile na kujiona magavana. Wapakiaji wenye mikungu ya ndizi kichwani walikuwa wanapita kando yetu kwa uhuru, kwenda na kurudi, na mmoja wao akanitania, "Papa, beba ndizi utapita!" Yule mwanamke hakucheka. Alinitazama kidogo, akapunguza ukali.

"Iko namna moja tu. Muko na haki ya kutoka bote, na kurudia bote, mbele ya honi ya pili. Grupe yote. Nahesabu mukitoka, nahesabu mukiingia."

Nikarudi ndani ya meli nikiwa nimeshapoteza dakika ishirini.

Kundi lilikuwa limeshajipanga kivulini na kuanza kula mikate. Maman présidente wa shirika letu, mwanamke wa miaka sitini hivi anayeuza vitenge soko la Kadutu, alinisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna. Kisha akauliza lile swali nililoliogopa.

"Weye ulisaini karatasi bila kusoma nyuma?"

"Maman, niliona..."

"Tulikuchagua juu ya masomo yako, papa! Kama ni kusaini tu, hata mbuzi yangu angetia kwato."

Wakacheka wote. Mzee muuguzi hakucheka. "Miye nilikuya kuzika mutu," alisema, akilikumbatia taji lake. "Sikukuya kupanda mulima. Na huyu maman yake, miye simujue."

"Hata ule tunaenda kuzika haukumujua," présidente akamjibu.

"Ule njo amekufwa. Wa kufwa haukatae kumuzika. Lakini wa kusalimia!"

Walibishana. Mmoja alisema tukishuka tutaachwa, na mazishi ni kesho asubuhi, na meli nyingine ni keshokutwa. Mwingine alisema nilikuwa na mpango huu tangu Bukavu, na kwamba nimewafanya wote kuwa mizigo yangu. Sikukataa. Nilisimama mbele yao na mfuko wangu wa sukari, mtu mzima, nikiomba ruhusa kama mtoto wa shule anayetaka kwenda chooni. Dakika zilikuwa zinakwenda, na kila aliyefungua mdomo nilitamani kumziba.

Mwishoni présidente alikunja karatasi ya mkate wake. "Mugonjwa ni mugonjwa," alisema. "Tukienda kuzika wa kwa batu na tunapita yetu mulangoni, tutaungama namna gani? Musimame. Papa wa gongo atapanda moto." Alikuwa na maana ya pikipiki.

"Na taji?" mzee akauliza.

Hapo ndipo penye kosa letu. Kwa kuwa lazima tutoke wote, hakuna aliyebaki wa kulinda taji. Kuliacha kwenye benchi katikati ya wapakiaji na wachuuzi, hata mtoto hangefanya hivyo. Na hapa kwetu taji la msiba halikabidhiwi kwa mgeni alichunge, ni kama kumkabidhi maiti. "Tutaenda nayo," présidente alisema, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyepaswa kufikiri, na nilikuwa natazama saa.

Tulihesabiwa barierini, kumi na wawili. Mzee alikwea pikipiki na taji akalivaa begani, maana hakuwa na mkono wa pili wa kulishika. Pikipiki ikawa inatangulia polepole, nasi tunafuata nyuma, wanawake sita wa kitenge kimoja na vitambaa vyeusi, wanaume wenye utepe, mimi mwisho nikiwahimiza. Mtu mmoja aliyekuwa anakuja mbele yetu na jembe akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa mpaka tupite. Niliona, nikafikiri tu kwamba watu wa kisiwa bado wana adabu.

Kwenye nyumba ya pili palikuwa na mwanamke akianika mihogo. Alitazama taji, akatazama njia tuliyoishika, ambayo haiendi kwingine ila kwa mama yangu mkubwa na majirani zake wachache. Akaangusha ungo. Alipiga mikono kichwani akatoa ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka nywele zinasimama, kisha akakimbia kutupita, akipanda mlima, akilia kwa Kihavu kwamba maman amekwenda, maman amekwenda.

"Hapana!" présidente alimpigia kelele. "Maman, hapana, haiko hapa! Maua ni ya Goma!"

Nani husikiliza maneno mbele ya maua ya msiba? Milango ikafunguka. Ukelele ulijibiwa kutoka juu na kutoka migombani. Tulipofika uani tulikuta watu kama ishirini wameketi chini wanalia, na wengine wanakuja, na katikati yao jirani yule wa simu, amesimama mlangoni na kikombe mkononi, amekasirika kabisa.

"Nani aliwaambia amekufwa?" aliwauliza. "Namupatia uji hapa! Anakunywa!" Kisha akaniona. "Weye! Nilikuita ukuye kumuona, uko unamuleteya kaburi?"

Nilijaribu kueleza habari ya tiketi. Hebu jaribu kueleza tiketi ya kundi kwa watu wanaolia. Présidente na wenzake walisambaa uani kuwanyamazisha, wakimshika mmoja mmoja mabegani, "Ni muzima, maman, nyamaza, ni muzima," na wale waliokuwa wanafika wakiona wanawake wenye vitambaa vyeusi wanawashika mabega wenzao, walidhani ndiyo faraja yenyewe, nao wakaanza upya. Mzee muuguzi hakuwa na pa kuliweka taji. Kila alipoligeuzia, mtu alipiga ishara ya msalaba.

Nikainama, nikaingia ndani.

Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona mtu mzima. Macho yake yalikuwa meupe. Na alikuwa analia, si kwa kelele, kwa kuimba, jinsi wanawake wa huko wanavyomlilia mtu wakitaja habari zake. Kusikia vile nikasimama. Alikuwa ananililia mimi.

Amesikia honi. Amesikia watu wa Bukavu wanafika kwake na msiba. Hana mtu mwingine Bukavu. Alifunga hesabu kwa njia iliyo sahihi kabisa.

Alisema mimi nilikuwa mtoto wa kumchotea maji bila kutumwa. Alisema kila Noeli nilivuka ziwa kuja kula naye. Alisema nilimtumia sukari, nilimtumia nguo, sikumsahau hata mwezi mmoja, na kwamba sasa nani atamkumbuka. Hakuna lililokuwa kweli. Hata maji nilitumwa kwa fimbo. Nilisimama pale na mfuko wangu nikisikia mtu mwema asiyekuwa mimi akililiwa kwa machozi, na nilijisikia kama mwizi aliyeingia nyumba ya watu mchana.

"Maman mukubwa," nilisema. "Ni miye. Niko hapa."

Akanyamaza, akageuza sikio. "Ni nani?"

"Miye, mutoto wako. Sikufwa. Tunaenda kuzika mutu mwingine."

"Uko na sauti yake," alisema kwa upole, kama mtu anayemshukuru mgeni. "Ni weye ndugu yake? Mulimuzika bizuri?"

Nilipiga magoti, nikaushika mkono wake nikauweka usoni pangu. Vidole vyake vilipita kwenye paji, kwenye mikunjo, vikafika kidevuni penye ndevu. Akavitoa.

"Yangu haiko muzee vile," alisema.

Jirani alisema nyuma yangu, "Ni yeye, maman, miye namuona." Lakini mama mkubwa akatikisa kichwa. Alisema watu wote humdanganya sasa, kwa vile haoni. Chakula wanamwambia ni samaki, anakuta ni maharage. Kisha akawa mjanja, nikamtambua kabisa katika ujanja ule. Akaniuliza, kama mimi ni yule, nilikuwa nalala wapi katika nyumba hii.

"Kwa jikoni," nilijibu haraka. "Karibu ya mafiga."

"Ona!" akamwambia jirani. "Mutoto wangu alilalaka na miye, kwa hii kitanda, mupaka alimaliza miaka kumi. Alikuwa anaogopa giza."

Nilikuwa nimelisahau. Nilikumbuka jikoni kwa sababu jikoni ndipo kwenye hadithi ninayowasimulia watu nikitaka wajue nilitoka umaskini. Alipotamka tu kitanda, nilikikumbuka kitanda, na mgongo wake, na harufu ya majani makavu ya godoro, lakini kwa wakati huo kukumbuka hakukunisaidia. Nikasema, "Ndiyo, ni kweli, hapa hapa." Akasema, "Sasa unasema ndiyo juu nilikuambia."

Honi ya kwanza ikapiga.

Uani walisikia. Présidente alichungulia mlangoni, akaona hali ilivyo, akarudisha kichwa. Mzee muuguzi hakuwa na subira hiyo. "Responsable!" aliita. "Responsable, bato inatuacha! Miye sitalala hapa na maua!"

Nilitoa blanketi nikamwekea mapajani. Alilipapasa akasema asante, wafikishie asante ndugu zake. Nikatoa sukari. Akaanza tena kulia polepole, kwamba hata katika kufa mwanawe amekumbuka kumtumia sukari. Nilifikiri nitapasuka. Nilikuwa na watu kumi na mmoja nje ambao wasingeweza kupita barieri bila mimi, na ndani mtu mmoja niliyemtafuta, aliyenishika mkono, na ananiaga kama mjumbe wa kifo changu. Nikiondoka hivi, nitakuwa nimevuka ziwa kuja kumuulia mtoto wake.

Nikapandisha sauti. Sijivunii, lakini nilipandisha. "Maman mukubwa! Sikufwa! Na sikukuyaka kwa Noeli, hata moja! Sikukutumiaka kitu! Hakuna kitu kilinizuia, ni uvivu! Uvivu tu! Niko muzima, miaka tisa yote nilikuwa muzima!"

Uani vilio vikakatika. Wote walikuwa wamesikia, shirika zima na kisiwa kizima. Mama mkubwa alikuwa ameacha kulia, mdomo wazi kidogo, macho meupe yameelekea kwangu. Nilingoja. Nilihesabu pumzi zake.

Ndipo présidente akaingia, akanishika mkono wa shati, akanitoa nje kama mlevi.

Tulishuka mlima mbio, mzee kwenye pikipiki tena na taji likiruka begani, watu wa kisiwa wakituangalia bila kujua walie au wacheke. Tulikuwa tumefika kama hatua hamsini chini ya nyumba sauti iliposhuka nyuma yetu. Sikujua mwili ule ulikuwa na sauti kiasi hicho.

"Mujinga weye! Mbwa! Kichwa ya jiwe! Miaka tisa! Unakuya kwa nyumba yangu na maua ya wafu! Na ndevu sawa ya mbuzi! Nilikubeba kwa mugongo nikavuka muto, na weye unavuka hata ziwa hapana! Ukirudia hapa nitakuchapa! Unasikia? Nitakuchapa!"

Sauti iliendelea mpaka migomba ikaimeza. Masikio yaliniwaka. Kundi zima lilikimbia kimya, kwa adabu.

Barierini mwanamke wa gile alituhesabu kwa kalamu, mmoja mmoja, douze, akafunga daftari. Honi ya pili ilipigwa mzee akiwa bado kwenye ubao.

Nilikwenda kukaa nyuma ya meli, juu ya magunia, mbali na watu. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na karatasi ile mfukoni, na herufi zake ndogo, na kampuni inayouza huruma kwa nusu ya bei kisha inaifunga kamba miguuni. Dakika tisini. Nilizitumia kubishana, kuomba, kunyamazisha wageni, na chache zilizobaki nilizitumia kuthibitisha kwamba naishi, na hata hilo nikashindwa. Kisiwa kilikuwa kinakuwa kidogo nyuma yetu.

Présidente alikuja akaketi kando yangu, akavua viatu, miguu ilikuwa imemvimba.

"Mulisemeshana?" aliuliza.

"Hakuniamini. Uliona mwenyewe. Na kisha akanitukana mbele ya batu bote."

"Alikutukana, eh?"

"Maman, haukusikia? Mbwa, mbuzi..."

"Nilisikia. Ile ya kichwa ya jiwe ni ya kweli." Alikuwa anakanda kisigino. "Sasa weye mutu wa masomo, uliona wapi batu banatukana mufu? Mufu banamusifu tu. Hata mwizi, akifwa, kwa kilio tunasema alikuwa na mukono muzuri. Pale mbele alikuwa anakusifu, si ndiyo? Alikusifu sana. Nilikuwa nje, nikasema, huyu, ni sisi tunamujua?"

Nikaacha kutazama kisiwa, nikamgeukia.

"Njo ujue. Saa alianza kukutukana, alikuona muzima."

Nilikaa na maneno yake mpaka pwani ya Goma ilipoanza kuonekana. Hayakuniondolea hasira yote. Nilitaka zaidi ya matusi ya mbali. Nilitaka kukaa. Nikamwuliza sasa nifanye nini.

"Kesho tunazika," alisema. "Tukimaliza, weye usipande na sisi. Tafuta mashua, ushuke pale, peke yako, bila maua. Uende utukanwe bizuri."

Tulizika. Siku ya pili yake nilipanda mashua ya mbao iliyokuwa inarudi kisiwani tupu baada ya kuuza mananasi, nikaketi kwenye maji ya sakafuni, na hakuna aliyeniuliza tiketi. Nilifika uani kwake saa tatu asubuhi. Alinisikia kwa hatua, akaniambia nikae chini, hapo hapo mavumbini, na akaanza. Alianzia mwaka wa kwanza. Mpaka saa sita, jirani alipoleta chakula, alikuwa amefika mwaka wa nne, na alikula sahani nzima bila kuacha kusema.